Hesabu Yako Nyuma ya Mlango

Mwaka umetimia tangu utuache, Swabaha, na picha yako sisi wa nyumbani tulishindwa kuisafisha mara mbili ikafanana. Ni ile aliyokupiga Zakiya, shoga yako, kule ufuoni Mama Ngina, unacheka, muhogo mkononi. Mamako anaitaka. Binti zako wawili wanaitaka. Moja ikitoka nyeupe, ya pili ilitoka nyeusi.

Kwako hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Maharusi wa Kibokoni walikuletea mikanda yao ya picha kwa sababu picha ya simu hupaa ikafika kwa kila mtu, na kwa sababu hakuna mwanamume aliyeingia chumba chako cha giza akawaona wasichana wa watu vichwa wazi. Hata mumeo. Akitoka kazini Kilindini alipitia soko la samaki akakununulia barafu, maana dawa ya kusafishia ikishapata joto letu picha huja nyeusi kabla hujageuka. Aliiacha mlangoni.

"Iweke hapo, Taib, urudi nyuma."

"Nichungulie kidogo tu?"

"Chungulia. Kisha uende kwa baba zao ukawaambie umeona nini."

Hukuwa mtu wa pupa. Picha ikiwa na maji ulikataa kuisifu. Ulingoja ikauke, kwa kuwa ikikauka huzama, ikazidi weusi. Zamani, ulipoanza, mama mmoja alikujia mbio: "Mwanangu kwangu mweupe, kwa wakweze mweusi! Watasema tumewabadilishia!" Ulicheka mpaka ukakaa chini, ukampa kaimati, ukazisafisha zote upya. Tangu hapo, kwa mama, kwa wakwe, kwa shangazi aliyeko Lamu, bibi harusi alikuwa yule yule.

Ulihesabu kwa sauti. Saa uliikataa, mishale yake iling'aa gizani. Ukiwasha taa ya mashine ya kukuzia picha juu ya karatasi, mumeo nje alikusikia: moja, mbili, tatu, taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi na kikombe cha chai kilichojaa.

Binti yako Nasiha alihesabu mbio, picha ikatoka nyeupe. Mwenzake Ummukulthum akifika sita alilia, na anayelia husahau kuzima taa, picha ikatoka nyeusi. Karatasi zikaenda bure, na za aina ile hazipatikani tena madukani. Ijumaa iliyopita Nasiha alisema kutoka ndani, "Baba, hesabu wewe. Umemsikia miaka yote."

Taib akasimama pale pale alipokuwa akiweka barafu, akahesabu kwa mwendo wako mpaka kumi na mbili. Ndani wakazima taa, wakaitia karatasi dawani. Kisha wakaita, "Imekuja, Baba." Akahesabu tena. Na tena. Zilipokauka tulizilaza juu ya kitanda chako. Ni wewe, na ni wewe, na ni wewe.

Alirudi mlangoni akaanza, "Moja…"

"Basi, Baba," Ummukulthum akamwambia. "Boksi la karatasi limekwisha."

Mwenyezi Mungu akurehemu, akupe nuru huko uliko. Wanaokukumbuka, na watakaokukumbuka maisha yao yote, ni mamako Bi Mwanakuu, mwenye picha ya kwanza. Mwanao Nasiha, mwenye ya pili. Mwanao Ummukulthum, mwenye ya tatu. Na mumeo Taib.

Boksi la mwisho ulilolinunua kwa mkono wako limekwisha lote. Picha zilizofanana ni tatu. Ya nne haipo.