Mtori wa Neema

Jumatatu, 6/3/95
Nimepika mtori tena. Ndizi, mbavu, siagi nyingi. Neema wangu amejifungua kifungua mimba wake mwezi uliopita, yuko kwangu hapa Sakina, mume yuko Namanga na biashara zake. Bakuli limerudi tupu. Anakula. Basi nina amani.

Jumatano, 8/3
Wageni. Vitenge, sabuni za kunukia, siku hizi maduka yamejaa. Kila mtu kambeba mtoto. Neema kalala anaangalia ukuta.
Jirani yangu Mama Shedi kasema, "Mwanao mbona mashavu yameingia ndani? Hapa mbwa wako ndiye mzazi, angalia alivyonenepa."
Tukacheka. Mimi nilicheka sana.

Alhamisi, 9/3
Yale ya mbwa yamenikaa moyoni.
Leo nimempa Neema mtori, nikazunguka nyuma, nikasimama kwenye migomba. Dirisha likafunguka. Mtori wote chini. Mbwa alishakaa pale, anangoja.
Nimeumia. Halafu nikapandwa na hasira. Nikamwambia anadeka, mimi nimezaa watano na siagi sikuiona. Machozi tu yanamtiririka, hata hayafuti.

Jumamosi, 11/3
Nimerudi na maji ya bomba, nasikia mtoto analia peke yake. Kitanda kitupu. Nikaita. Mbwa anabweka kule chini mtoni. Siku hizi anamfuata Neema kila aendako, si ndiye anayemlisha.
Nikakimbia. Neema kasimama ndani ya mto, maji ya mvua ya mlimani yamemfika kiunoni. Nikaingia na nguo zangu. Nikamshika. Mwepesi kama mtoto wa shule.
Nikamuuliza, mwanangu, kwa nini unamwaga chakula?
"Nikila nitapona, mama. Sitaki kupona. Mtoto mlee wewe, wewe unamjua."
Na mimi nilimwita mdekaji.

Jumapili, 12/3
Amelazwa. Daktari kasema ni ugonjwa, unawapata wazazi wengine, unatibika, ila tusimwache peke yake. Mchana nakaa mimi, usiku dada yake. Mume nimemtumia salamu kwa dereva wa Namanga. Hajaja.
Mtoto anakunywa maziwa ya kopo. Wamama wa kanisani wamepita, wote wanauliza, mtoto hajambo? Nimewajibu hajambo. Mama yake hakuna aliyemuulizia. Hata mimi wiki zote hizi nilikuwa naliuliza bakuli.
Naogopa.

Jumanne, 14/3
Nimempelekea mtori wodini. Sikumwambia kula. Nimeuliza tu, umeamkaje, mwanangu. Kasema vibaya. Nikasema sawa, nipo. Nimemsuka nywele.
Baadaye akauliza, "Mbwa amekula?"
Nikamwambia hajala, anakungoja.
Akavuta bakuli. Vijiko viwili, akalisukuma.
Kilichobaki nimerudi nacho nyumbani. Nimemwekea mbwa. Kanusa, kaenda kulala chini ya lile dirisha.