Hutatandikiwa Mkeka

Kwa mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Shikamoo yako nimeipokea, ingawa umeitia mwisho wa barua kama chumvi iliyosahaulika. Hapa Kilosa tu wazima, mahindi yamebeba, mjomba wako bado mvivu.

Unauliza, ukila kiapo cha Mfalme wa Uingereza na kuuacha uraia wetu, utakuwa bado wa kwetu? Swali gani hilo la msomi!

Nilipoolewa Kisanga, nilikaa mavuno mawili bila kurudi kwetu Zombo. Siku niliyorudi, mdogo wangu alinitandikia mkeka, akaninawisha mikono, akanipa chakula kwenye sahani iliyofunikwa kitambaa. Kama mgeni! Sahani nikaisogeza kando. Mama akatokea shamba, akafoka, "Nani kamtandikia huyu mkeka? Inuka wewe, kinu kile pale!" Nilitwanga huku nalia, na sijapata kufurahi vile tena.

Basi apa, mke mwenzangu. Uwe na haki zako huko unakofanya kazi, wasikusumbue na makaratasi kila mara. Mjomba wako anasema utaomba viza kuja kwenu. Iombe, lakini mapema, maana macho yangu yanapungua, na mimi nataka kukuona, sio kukupapasa.

Ukifika, usingoje kutandikiwa. Mchi wako mpya nimeuegemeza mlangoni, na kila asubuhi nikifagia nausogeza, kisha naurudisha palepale.

Ni mimi bibi yako, ninayekungoja.