Nyumba ya Hajj Bashir iliyoondolewa kwenye tovuti ya Ashkarti

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Kijiji cha 18, Halfa Mpya, Sudan
Alhamisi, tarehe 14 Februari 2013, saa tatu na robo asubuhi

Jina: Khalil Sorkatti Daud. Umri: miaka 72. Kazi: mwalimu mstaafu wa jiografia. Makazi: Kijiji cha 18, nyumba namba 41. Makazi ya awali: kitongoji cha Ashkarti, ukingo wa mashariki wa Nile, ambacho kiko chini ya maji ya bwawa tangu 1964. Sajini alisema fomu haina nafasi ya makazi ya awali. Nilimwomba aandike hivyo hivyo.

Mimi ndiye niliyetengeneza tovuti ya Ashkarti. Niliianza mwaka 2010, chumbani kwangu, kwa kompyuta aliyonitumia binti yangu kutoka Jedda. Aliyenifundisha ni jirani yangu Zainabu Shalali, mwalimu wa hesabu, miaka 38. Nywila tulikuwa nayo sisi wawili tu.

Ukurasa wa kwanza ni ramani ya kitongoji. Nyumba ziko 64, nilizozichora kwa kumbukumbu. Ukibofya mlango, yanatokea majina ya waliokaa humo. Juu ya kila mlango nimeweka sahani za kauri za mapambo, idadi ileile iliyokuwa imepachikwa ukutani kwao. Kila nyumba ina namba mbili: umbali wa kufuata mto, na umbali wa kutoka majini. Ukibadilisha namba, nyumba inahama.

Mwezi uliopita kamati ya wanaotaka kurudi kwetu ilitangaza kwamba viwanja vya ufukwe wa ziwa la bwawa vitagawiwa kwa kufuata ukurasa huo. Mimi sikuulizwa.

Mnamo tarehe 2 Februari, saa kumi alasiri, Hajj Bashir Fikri alikuja nyumbani kwangu. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, na familia yao ilikaa kambi ya stesheni, si Ashkarti. Alisema, "Mwalimu, wajukuu wanafungua hicho kitu chako wananiuliza, babu, kwetu wapi? Niwaambie tulizaliwa ndani ya behewa?"

Nikamwambia, "Behewa si baya. Sisi tulihamishwa, ninyi mlikuwa na magurudumu tayari."

Alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akasema, "Nichoree hata banda la punda, ndugu yangu."

Nilimchorea nyumba. Ili ipate nafasi, niliisogeza nyumba ya bibi yake Zainabu: namba yake ya kufuata mto ilikuwa 212, nikaandika 260. Sahani za mlango wa Hajj Bashir nilizinakili kutoka mlango wa marehemu mama yangu. Zilikuwa tatu.

Mnamo tarehe 9 Februari, saa nne asubuhi, kamati ilikutana shuleni, na ukurasa ukaonyeshwa ukutani. Zainabu alisimama mbele ya watu wote. "Hajj, nyumba yenu imeota lini? Hata uyoga husubiri mvua." Watu walicheka. Hajj Bashir akamjibu, "Binti Shalali, ulimi huo utakuponza." Zainabu akanigeukia mimi. "Ami Khalil, mlango wa bibi umeusogeza. Mtende wake sasa uko kwa watu."

Nilisema, "Nitaangalia."

Jumapili tarehe 10, saa mbili asubuhi, niliifuta nyumba ya Hajj Bashir na kuirudisha ya bibi yake Zainabu kwenye 212. Kazi hiyo haikuchukua dakika tano. Sikumwambia mtu.

Jumatatu saa tano asubuhi Hajj Bashir alikuja tena. Hakucheka. "Ni yule binti, sivyo? Nyumba yangu haipo, ya kwao imerudi. Nywila mnayo wawili." Kwetu mgeni aliyeketi chini ya paa lako humwambii kwamba hana nyumba. Nilimmiminia chai ya maziwa. Alichukua kimya changu kuwa jibu, nami niliona akikichukua. Akaondoka kuja hapa kituoni kumshtaki Zainabu.

Jumatano nilishinda nikibadilisha rangi ya mto kwenye ramani. Ilikuwa bluu kama ya vitabu vya shule. Mto wetu wakati wa mafuriko ulikuwa na rangi ya chai. Nilijaribu rangi kumi na moja. Ya tisa inakaribia.

Zainabu hakufuta kitu. Hakujua kwamba mimi nimefuta. Nyumba ile niliiweka mimi bila haki, na niliiondoa mimi. Nywila nimeiandika kwenye karatasi nyingine, mkuu wa kituo aitumie kuhakiki siku na saa.

Sina zaidi ya hayo. Nimeyasema bila kulazimishwa, na yasomwe mbele ya Hajj Bashir.

(Sahihi) Khalil S. Daud

Maelezo ya mpokeaji: Nimemsomea shahidi, akakubali ni sahihi. Kabla ya kutoka aliomba yaongezwe haya, nami nimeyaandika kwa maneno yake: "Jumanne saa tisa alasiri nilikuwa kibarazani askari walipomchukua Zainabu. Aliniita: 'Ami, nishikie ufunguo wa nyumba, nitarudi kabla ya magharibi.' Niliupokea." Ufunguo ameuweka mezani kwangu. Nimemwambia anaweza kwenda. Bado amekaa.

Sajini Tajisiri Adlani, saa nne na dakika kumi.