Mganda Katikati ya Barafu

Junsele, 9 Juni 1974

Mama mkwe mpendwa,

Amani ya Bwana iwe nawe. Goti lako linaendeleaje tangu urudi kusini baada ya mazishi? Sisi huku... ona, nimeandika “sisi” tena, mkono haujazoea. Mimi sijambo, namshukuru Mungu.

Mama, vile vigingi alivyopigilia marehemu Ragnar nyuma ya nyumba kupimia bwawa bado vimesimama, na kamba yake. Kila nikianika nguo najikwaa. Leo nilienda kuving'oa nikashindwa, nikakaa chini pale pale. Basi nimeamua kulichimba hilo bwawa lake la samaki. Assar jirani amecheka, ati kwa baridi ya kwetu nitafuga mawe ya barafu. Lakini nataka kitu kimoja cha mume wangu kivuke majira ya baridi. Niambie kina chake. Na unigawie ruda kidogo, wale samaki wa bwawa lenu aliowalisha utotoni.

Mkweo, Gunvor


Vrigstad, 20 Juni 1974

Gunvor,

Salamu nimezipokea. Goti linanung'unika kama mzee wa kanisa, ila bado linanifikisha bwawani.

Ragnar alikuwa fundi wa kupigilia vigingi tangu mtoto. Kuchimba aliwaachia wengine.

Chimba mpaka ukisimama ndani usionekane. Huku kwetu kina cha kifua kinatosha, lakini barafu ya kwenu ina tamaa. Kabla maji hayajaganda, simamisha mganda wa matete katikati, hewa ipate kushuka ndani ya mabua. Ruda anaweza kukaa wiki na wiki bila pumzi, ila tusimjaribu Mungu. Baba yake Ragnar hakukosa kuusimamisha mwaka hata mmoja, nami tangu afe sijakosa.

Na hili ulishike: usiipige barafu kwa shoka, hata moyo ukuume vipi. Mshindo huwaua waliolala. Kunyamaza kwao si kufa.

Mama yake Ragnar, Hildur


Junsele, 15 Septemba 1974

Shikamoo Mama,

Natumaini u mzima. Mwandiko kwenye lebo za mzigo ulitetemeka, nikapata wasiwasi.

Assar alikuja kucheka akaishia kuleta katapila lake. Nilishuka shimoni kupima. “Bado naona kofia,” akasema. “Uivue, au nichimbe?” Nikamwambia achimbe.

Ruda wamefika na treni, wote hai. Mzee wa stesheni alisema madebe yamepiga makofi njia nzima kama watu wa kanisa letu. Lakini Mama, niliomba kidogo, umenijazia samaki madebe mawili ya maziwa! Kwako umebakiza nini?

Njoo ule Krismasi nami. Kitanda cha dirishani ni chako.

Mkweo, Gunvor


Vrigstad, 3 Novemba 1974

Mwanangu Gunvor,

Usihesabu samaki wa mwenzio. Niliobakiza wananitosha.

Krismasi sitakuja. Mwaka huu nataka kukaa kimya na Mungu wangu. Usije, wala usinipigie simu. Nikinyamaza nichukulie kama ruda, niache. Theluji ikiyeyuka tutasikizana.

Pale makaburini nilikulaumu kwa kutomleta Ragnar alale karibu na baba yake. Wewe ukanishika mkono niliokunyooshea kidole. Sasa umemchimbia bwawa. Yameisha, mwanangu.

Mama yako, Hildur


Junsele, 19 Januari 1975

Mama yangu,

Hujambo? Najua hutajibu, lakini salamu si shoka.

Barafu imekuwa nene kama ukuta. Juma lililopita nilitoka na shoka kweli, nikasimama karibu na mganda, nikatega sikio. Kimya. Nikalirudisha bandani nikalia kidogo. Nimewaacha, na wewe nimekuacha kama ulivyoniagiza. Usiku nakuombea.

Ukiweza, neno moja tu.

Mkweo, Gunvor


Junsele, 11 Mei 1975

Mama,

Leo sikuulizi hali, naamini uko salama ulipo. Wala barua hii sitaitia stempu.

Elna, jirani yako wa kanisani, alinieleza siku tuliyokuzika. Ugonjwa wako uliujua tangu kiangazi, ukamkataza kuniita. “Gunvor ameshauguza mmoja,” ulimwambia. “Wa pili asimpate.”

Nilikasirika, Mama. Namwambia Mungu, sikufichi na wewe. Ningekuja hata kwa miguu. Kumbe mimi nimekaa huku nakutii, naona nakupa heshima.

Baada ya kahawa ya mazishi nilitoka nyuma ya nyumba yako. Bwawa lilikuwa limeganda, jeupe toka ukingo hadi ukingo, halina mganda. Nikasimama pale na viatu vya kanisani mpaka theluji ikaingia. Hukubakiza hata ruda mmoja.

Juzi barafu ya huku ilifunguka. Nilikaa ukingoni toka asubuhi, maji meusi, hakuna kitu. Assar akaja kunisihi niingie ndani ninywe chochote. Nikawa nainuka, nimeshakata tamaa, ndipo maji yakatikisika kando ya matete. Mgongo mmoja wa rangi ya shaba. Halafu mwingine, halafu sikuweza tena kuona vizuri kwa machozi. Assar alivua kofia yake bila kuambiwa.

Kuna jambo moja sikuwahi kukuuliza: mganda huondolewa lini? Assar anasema ni sasa, barafu imekwisha.

Nimeuacha.

Mwanao, Gunvor