Nilimwacha Binti Yangu Kwenye Benchi la Kliniki

Mshauri, shikamoo, naomba unisomee mpaka mwisho ndipo unigombeze. Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti, nina kigugumizi tangu utotoni na nimejifunza kuishi kwa kunyamaza, hata nyumbani nasema neno moja moja tu, mteja akija namwonyesha picha, anachagua, vipimo naandika kwa chaki ukutani, mpaka mtaani wananiita Mzee Kimya wakidhani ni busara. Mwezi uliopita wauguzi walikwenda kupima watoto shuleni kwa binti yangu wa darasa la pili, wakachungulia masikio, pua na koo, kisha kila mtoto akaambiwa ataje jina lake, wangu akakwama hapo hapo kwenye jina, akarudi na barua kwamba aende kliniki kwa mtaalamu wa matamshi akiwa na mzazi. Mke wangu akasema, "Baba watoto, hili lako, mpeleke."

Tukaenda, tukakaa kwenye benchi, amenishika kidole, mara mlango ukafunguka na mtaalamu akauliza, "Mzazi wa huyu ni nani? Unaitwa nani?" Watu wote wakanigeukia, ulimi ukagoma kabisa, nikaweka simu sikioni kama niliyepigiwa, nikatoka hadi kibarazani. Dirisha lilikuwa wazi, nikamsikia mwanangu akisema, "Ba-ba-baba a-a-anarudi." Alihangaika sana lakini hakuacha mpaka akamaliza. Niliporudi zamu yetu ilikuwa imepita, tukapangiwa Alhamisi ijayo. Njiani akaniuliza nani alinipigia, nikamwambia ni mteja. Nimwachie mama yake ampeleke? Naogopa akijua kigugumizi amekitoa kwangu atanichukia.

Fundi Mwenye Aibu

*

Fundi, pole sana. Sasa kaa vizuri nikuseme. Mtoto wa darasa la pili amebaki mbele ya watu walewale uliowakimbia, akakusemea, nawe ukamlipa uongo. Hilo likuume kidogo, ni dawa.

Halafu acha kujibebesha lisilo lako. Kigugumizi mara nyingine hutembea kwenye ukoo, lakini hukumpa kwa kupenda, kama vile hukumchagulia pua. Akuchukie kwa lipi? Binti yako anadhani ni yeye peke yake duniani anayekwama. Mtu wa kumwambia sivyo yuko nyumbani kwake, na amefunga mdomo!

Mama yake asiende kwa niaba yako. Leo ukizima mashine, mwite, umwambie kwa mdomo wako, si kwa ujumbe: sikupigiwa simu, nilikwama. Ukikwama katikati ya kusema hayo, kwama, atakuelewa kuliko mtu yeyote. Naye akizungumza, usimmalizie neno, wala usimwambie avute pumzi. Msubiri. Pia mwombe mtaalamu akutazame na wewe. Nimemuuliza mmoja, akacheka, akasema wazazi wengi huja kusindikiza wakaishia kufanya mazoezi pamoja na watoto wao.

Nilimtumia fundi majibu haya kabla ya kuyachapa. Jana ameniandikia: "Nimemwambia. Ilichukua muda. Akanitazama, akasema, 'Ha-hata wewe, baba?' Akacheka mpaka akakaa chini, nami nikacheka. Sasa ananiuliza maswali bila kikomo, na yote inabidi niyajibu."

Safi. Alhamisi fikeni mapema, fundi, na mlango ukifunguliwa, simama.