Kijineno Kidogo Mbele ya Mume

Alhamisi, Namakwekwe

Na wamecheka, darasa letu lote la Kiingereza la watu wazima. Hata yule afande mstaafu, anayesinzia somo zima, leo aliamka ili anicheke.

Haya, kosa ni langu. Mwalimu Wafula alitaka tuandike barua ya kirafiki kwa Kiingereza. Nikamwandikia dada Zaituni, aliye Wanyange kule Jinja, kwamba bado natafuta mume. Nikaandika "a husband". Mwalimu akaisoma mbele ya watu, akavua miwani. "Mama Hadija, hii 'a' ni ya mume yeyote. Anayejulikana tunamwekea 'the'."

"Yeyote mwenye meno," afande akadakia.

Mimi ningejuaje? Kiswahili changu kinasema mume, basi, na Zaituni anajua ni Ramadhani, aliyetoka kununua sabuni wiki ile ya risasi, na huu ni mwaka wa pili hajarudi.

Wafula naye asinione mjinga. Saa nzima alitufundisha r na l, na kila akitaka kusema "pray" ulimi wake unatoa "play". Akitaka tusali, tunacheza.

Nilimwambia aiache hiyo "a" ilivyo. Nikimkosa yule, nitachukua yeyote. Darasa likacheka tena, nami nikacheka. Sijui kama nilikuwa natania.

Nimerudi nyumbani nikainakili barua upya, yote kwa wino. Nimeweka "the", kama mwalimu alivyosema.

Hiyo peke yake nimeiandika kwa penseli.