Tupu Si Sifuri

Runzewe, Jumamosi. Wingu limetanda tangu asubuhi, mvua bado haijaamua.

Kosa la wengi wetu tunapochagua lugha ya kuandikia programu ni kuuliza ipi ina kasi, ipi inatafutwa na waajiri. Tunaipima kwa siku ambayo kila kitu kiko sawa.

Nami nilifanya kosa hilo, na jana nusura limuue mtu.

Tangu nistaafu kufundisha hesabu, ninaandikia programu machimbo madogo ya huku kwetu. Moja inahesabu wanaoshuka kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, na wanaotoka. Skrini ikiwa ya kijani, chini hakuna mtu, na baruti inaweza kulipuliwa. Niliiandika kwa lugha ya PHP kwa sababu ndiyo ninayoijua. Neema, mwenzangu wa kazi, amekuwa akiniomba tuhamie lugha nyingine, Rust. Nilimjibu kwamba lugha zote ni majembe, cha msingi mkulima.

Jana mchana, nikiwa pale machimboni, mtandao ulikatika. Idadi ya waliobaki chini haikufika. Nafasi yake ilikuja tupu. Programu yangu ikalinganisha tupu na sifuri, ikaona ni kitu kilekile.

Skrini ikawa ya kijani.

Bahati nzuri Baba Kulwa, msimamizi, haamini skrini peke yake. Wachimbaji huvua ndala mdomoni mwa duara na kuvaa buti. Jozi moja ilikuwa bado pale.

"Mwalimu, kompyuta yako inasema wameisha. Hizi ndala zimekuja zenyewe?"

Baruti ikasitishwa. Baada ya dakika chache akatoka mwenye ndala, Masanja, vumbi hadi kwenye kope.

"Shikamoo, Mwalimu."

Nilimsogezea ndala zake.

Tangu jana nalifikiria hilo. Ni kweli, hata kwa PHP ningeweza kuandika ulinganisho mkali zaidi. Alama moja ya ziada ingetosha. Lakini lugha iliniruhusu kusahau, na mimi ni mtu wa kusahau. Rust isingekubali kulinganisha namba na kitu kinachoweza kukosekana, mpaka niieleze la kufanya kikikosekana. Ingegoma mezani kwangu, kabla ya kufika duarani.

Sisemi Rust inafaa kila kazi. Ni ngumu, na huku anayeijua ni Neema tu. Tovuti ya kwaya ya parokia itabaki na PHP. Ikikosea, watu watachelewa mazoezi. Sehemu ya kuhesabu watu tutaiandika upya. Neema atafundisha, mimi nitakuwa mwanafunzi.

Maana siku zote zile sikuwa naitetea PHP. Nilikuwa najitetea mwenyewe, mzee asiyetaka kuanza upya.

Hadi tumalize, ruhusa ya baruti itatolewa na ndala.

Nawe unayesoma, kabla ya kubishana kuhusu lugha: leo fungua programu yako, acha nafasi moja muhimu bila kuijaza, bonyeza, kisha usome inachokuambia.